HISTORIA YA DAFTARI LETU LA NYUMBA, 2015–2025

Katika kijitabu hiki wenzetu wameeleza habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi wa uongozi tumepewa kueleza habari ya nyumba. Elimu yetu ni ya darasa la saba, tusicheke mtakapoona tumeruka mahali. Lakini habari hii tunaijua kwa sababu tumeilipia.

Ndani ya sanduku letu la kufuli tatu mna daftari moja la kaunta, jalada jekundu, limechakaa pembeni na ukurasa mmoja umelowa chai. Hilo siyo daftari la hisa. Ni daftari la nyumba. Kila mama anayetaka kujenga huandikiwa humo gharama zake kabla hajanunua hata msumari. Watu wengi wamekuwa wakituuliza limetoka wapi. Basi, hii ndiyo historia yake.

Tuanze mbali kidogo. Bibi zetu hapa, Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, hawakuwa na bajeti ya nyumba kwa maana ya fedha. Nyumba ilikuwa nguzo, fito, kamba za magome ya miti ya miombo, udongo na nyasi. Vyote vilitoka porini, na pori halikudai risiti. Lakini tusidanganyane kwamba ilikuwa bure. Aliyejenga alitakiwa awe na mtama wa kutosha kupika pombe na ugali wa watu waliokuja kusaidia. Nyasi zilikatwa kiangazi, siyo wakati wowote. Aliyechelewa alilala kwa ndugu masika yote. Kwa hiyo hesabu ilikuwepo, ila ilikuwa hesabu ya siku, ya chakula na ya watu. Tena sehemu kubwa ya kazi ile, kuchota maji, kukanyaga udongo, kukandika kuta, ilikuwa ya wanawake. Mtakumbuka jambo hili tutakapofika mbele.

Matofali nayo siyo mageni sana mkoani kwetu. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walifika mwaka 1879 wakajenga boma, na mwaka 1885 likaingia mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe. Baadaye, hapa Mpanda mjini, mgodi wa risasi ulileta reli kutoka Kaliua, ikamalizika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Reli hiyo ndiyo iliyotuletea saruji na bati kwa miaka mingi, na bei ya kitu chochote cha dukani hapa ilikuwa na nauli ndani yake. Mtu wa Tabora alijenga kwa bei moja, sisi kwa nyingine.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, mwaka 1973 hadi 1976. Sisi wengine tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni. Nyumba ziliachwa, mpya zikajengwa haraka kwenye mistari, na kwa haraka ile nani angefikiria nyumba ya kudumu? Mwaka 1974 tulitolewa Mkoa wa Tabora tukaingia Mkoa mpya wa Rukwa, na hapo tukakaa hadi mwaka 2012 ulipozaliwa Mkoa wa Katavi. Mwaka 1977, katika kitabu chake cha kupima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakemea Watanzania kwa ulevi wa saruji na bati. Alisema twaweza kujenga nyumba imara kwa tofali za kuchoma na vigae vya udongo wetu wenyewe. Wazee wetu walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kuota bati. Na sisi tukaurithi ulevi ule, hatukatai. Nyasi zinavuja, zinaungua, zinataka kubadilishwa. Bati ukiezeka umeezeka.

Ila kulipata! Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bidhaa ziliadimika nchi nzima. Bati na saruji vilikuwa vya kibali. Baba wa mmoja wetu aliandika barua ya kuomba bati 20, akangoja, akapewa 6. Akaziweka darini kwa kaka yake. Biashara ilipofunguliwa, kuanzia mwaka 1984 na zaidi wakati wa Mzee Mwinyi, bati zikajaa madukani, fedha ndiyo ikaadimika. Ilikuwepo Benki ya Nyumba Tanzania tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini ilifungwa mwaka 1995, na kati yetu hakuna anayemjua mama hata mmoja wa huku aliyepata kukopa humo.

Sasa tuje kwetu. Kikundi kilianza mwezi Februari 2015, tukiwa akina mama 22 wa Makanyagio na Nsemulwa, wauza samaki wakavu, wauza mchele, mamalishe wawili na mshonaji mmoja. Utaratibu wa sanduku na hisa hatukuubuni sisi. Ulianzia kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ukasambaa Afrika, nasi tukafundishwa na wenzetu waliotutangulia. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000. Mwaka wa kwanza tulipovunja sanduku, kila mtu alienda na fedha zake, na baada ya Krismasi ukiuliza zimefanya nini, kila mtu anaangalia pembeni.

Ndipo mwaka 2016 tukasema: tufanye kitu kinachoonekana. Tukaanzisha mzunguko wa bati. Kila mwezi tunachanga, akina mama wawili wanapata bati za kutosha nyumba ya vyumba viwili na sebule. Tulifurahi mno. Siku ya kukabidhi tulipiga vigelegele, bati zikabebwa kwenye mkokoteni, mtaa mzima unatazama.

Jamani, tulikuwa wajinga! Tulihesabu bati peke yake. Hatukuhesabu mbao za kenchi wala papi. Hatukuhesabu misumari ya mbao wala misumari ya bati, kofia za juu, dawa ya mchwa, wala fundi. Wengine walikuwa hawajafika hata kwenye linta. Mwaka mzima baadaye tulizunguka nyumba kwa nyumba kuona maendeleo, tukakuta bati ziko chini ya vitanda, nyingine zimeegeshwa chooni, za mmoja wetu zimeanikiwa dagaa. Akina mama wanne walikuwa wameshaziuza kwa bei ya kutupa, ada za shule zilipobana. Mmoja alikuwa mwenyekiti. Ndiyo, sisi tunaoandika hapa.

Usiku ule tulikaa kikao hadi taa ikaishiwa mafuta. Kulikuwa na maneno makali. Mwisho mama mshonaji akasema: mimi nikishona gauni, mteja akileta kitambaa bila uzi, bila zipu, bila fedha ya ufundi, nitamwambia hana gauni, ana kitambaa. Sisi hatujapeana nyumba, tumepeana kitambaa. Kesho yake tulinunua daftari la kaunta.

Tulimwomba fundi mmoja mzee, mjenzi tangu ujana wake, aje atufundishe Jumamosi nne. Hakutaka malipo, alitaka chai na maandazi. Alitufundisha kitu kimoja ambacho hatukukijua: usiulize nyumba ni shilingi ngapi, uliza hatua hii ni shilingi ngapi na ikisimama hapa itaharibika au itangoja. Msingi ukimalizika unaweza kungoja. Tofali zilizochomwa zikapangwa vizuri zinaweza kungoja. Lakini kuta za tofali mbichi zikipigwa na masika mawili bila paa zinarudi udongo. Na saruji haingoji kabisa, ikikaa kwenye unyevu inaganda mfukoni, umenunua jiwe la kilo 50. Kwa hiyo fedha kidogo inunue vinavyongoja, na fedha ya vile visivyongoja ikamilike yote kwanza.

Kila ukurasa ukagawanywa hivyo. Kiwanja na karatasi zake. Msingi. Kuta hadi linta. Linta, yaani nondo, kokoto, saruji na mbao za kumwagia. Kupaua na kuezeka pamoja, mstari mmoja, tulikataza kuvitenganisha. Milango na madirisha. Jamvi na sakafu. Plasta. Choo. Fundi mzee alisema watu hufikiri nyumba ikishaezekwa imeisha, kumbe mara nyingi ni nusu ya fedha tu iliyokwisha. Hatukumwamini. Sasa tunaamini.

Mengine tulifundishwa na hasara. Tripu ya mchanga ya Fuso siyo tripu ya Canter, na dereva hatakwambia. Tangu hapo tunaandika ukubwa wa gari, siyo neno tripu tupu. Bati hupandana, kwa hiyo upana unaonunua siyo upana utakaoezeka, lazima fundi apime paa na siyo sakafu. Geji nayo huhesabiwa kinyume, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Mwenzetu mmoja aliuziwa geji 32 kwa bei ya 30, akagundua upepo wa Novemba ulipoikunja kama karatasi. Aliyeuza akasema bidhaa ikishatoka haijadiliwi.

Tofali za kuchoma ziliokoa wengi wetu, na hapo ndipo tulipomkumbuka Mwalimu. Udongo upo, mikono ipo. Lakini tanuru linataka kuni, na kuni siyo za bure tena kama za bibi zetu, zinataka kibali na usafiri. Zinataka pia kalenda: ufyatue kuanzia Mei, zikauke, uchome kabla mvua hazijarudi mwishoni mwa mwaka. Mama mmoja alifyatua tofali Oktoba kwa sababu ndipo alipopata mkopo. Mvua ya Novemba ilizikuta hazijachomwa. Alirudisha mkopo wa tofali ambazo hakuwa nazo. Baada ya hapo tukabadilisha ratiba ya mikopo, mikopo ya tofali ikatoka Aprili. Hata maji huwa tunayaandika siku hizi. Kiangazi maji ya kufyatulia na ya kumwagilia zege yananunuliwa kwa ndoo, na ndoo hizo ukizijumlisha zinafika bei ya mlango.

Na mwisho wa kila ukurasa, penye kila shilingi 100 ya gharama, tunaongeza 10 ya dharura. Wanachama wapya hulilalamikia fungu hili sana.

Mwaka 2017 tulipokea wanachama wawili kutoka Katumba, na hao walitufundisha gharama ambayo haimo kwenye daftari lolote. Katumba ilifunguliwa mwaka 1973 kwa ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Baadaye Serikali iliwapa nafasi ya kuomba uraia, na zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale ya zamani, Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakakubaliwa. Lakini kwanza waliambiwa kwamba watahamishiwa mikoa mingine. Miaka ilipita, vyeti havikutoka hadi mwishoni mwa 2014, na baadaye wakaruhusiwa kubaki. Sasa wenzetu hawa walitueleza miaka ile ya kungoja ilivyokuwa. Nyumba inavuja, fedha ya bati ipo, hununui. Utaezekaje nyumba ambayo mwakani utaambiwa uiache? Walijenga kwa udongo tena na tena, siyo kwa umaskini, ila kwa kutojua. Mmoja alisema, kabla ya kuuliza saruji bei gani, mimi niliuliza nitakuwa hapa hadi lini. Tuliposikia hivyo tulimhurumia. Hatukujua kwamba swali lile lilikuwa letu pia.

Hapa tunafika mahali pagumu. Tulijadiliana kama tuandike au tusiandike, na mwenyewe amesema andikeni, msitaje jina.

Mwenzetu mmoja, mwanzilishi, alichukua mikopo mitatu ya nyumba kati ya 2016 na 2018. Wa kwanza tofali, wa pili mbao na bati, wa tatu milango. Yote aliirejesha kwa samaki na mchele, bila kuchelewa hata wiki. Kiwanja kilinunuliwa kwa jina la mume, kwani ndivyo ilivyozoeleka, na dukani alikuwa anamtuma mume kwa sababu yeye yuko gengeni. Kwa hiyo kila risiti ilikuwa na jina la mume. Mume alikuwa mtu mwema, hatuna neno juu yake. Mwaka 2019 aliugua akafariki. Matanga yalipoisha, ndugu walikuja na swali moja: karatasi ziko wapi? Karatasi zote zilisema nyumba ni ya marehemu. Hakuna hata moja iliyosema kuna mwanamke aliyeamka saa kumi za usiku miaka mitatu.

Tulipeleka daftari jekundu kwenye kikao cha ukoo. Katibu alisoma ukurasa baada ya ukurasa, tarehe, kiasi, kazi ya mkopo. Wazee wengine walinyamaza, mmoja alisema hilo ni daftari la wanawake. Mwisho nyumba iliuzwa na mwenzetu akapata nusu. Watu walituambia tushukuru, wengine hupata kanga. Labda ni kweli. Lakini nusu ya nyumba haina mahali pa kulala.

Baada ya hapo tulimwita msaidizi wa sheria, na mambo aliyotueleza yalitushangaza. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufaa ilitamka kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi. Hawa mwenyewe hakupata kitu, mahakama ilisema fungu lake alishapewa kwanza na mume akalitumia vibaya, lakini jasho la nyumbani likawa na uzito kwa wote waliofuata. Ila ile ni kesi ya talaka, kwa sheria ya ndoa ya 1971. Kwenye msiba mambo ni mengine. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 linamweka mjane nje ya urithi wa mume. Mwaka 2015, mwaka uleule tulioanza kikundi, kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua shauri la wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume, ikasema haki zao zimevunjwa. Tulisikia hivyo tukatazamana. Shinyanga siyo mbali. Msaidizi yule akaongeza kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, hata kwa jina lake peke yake au pamoja na mumewe. Haki ilikuwepo tangu kabla hatujaanza. Sisi hatukuwa tumeiandikia fedha.

Ndiyo maana kuanzia 2020 ukurasa wa kwanza wa kila nyumba una mstari wa jina. Humo tunaandika gharama ya kupimiwa kiwanja, ya mkataba wa mauziano mbele ya serikali ya mtaa, ya kufuatilia hati, na nauli ya kwenda kuzifuatilia, kwa maana huendi mara moja. Kiwanja kiwe na jina la mama, au la wote wawili. Kila risiti iandikwe jina la aliyelipa, na nakala ibaki sandukuni. Bila mstari huo mkopo wa nyumba hautoki.

Kelele zilikuwepo. Waume watatu walikuja kikaoni kutuuliza kama tunafundisha wake zao kuachika. Tuliwakaribisha viti, tukawasomea ukurasa wa mjane bila jina. Wawili walikwenda kuandikisha majina mawili. Wa tatu alimtoa mke wake kwenye kikundi, na hadi leo tukikutana naye sokoni tunasalimiana tu. Kuna wenzetu waliosema kanuni hii imemfukuza dada yetu. Hatuna jibu zuri la kuwapa.

Mengine tutapita haraka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilitutaka tujisajili, tukajisajili. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudi mwaka 2024. Mmoja wetu alikuwa ameshapanga kujengea choo fedha ile. Ni fedha ya biashara, dada, siyo ya choo, na tumeshaandika hivyo kwenye jalada la ndani.

Leo tuko 31. Kumi na saba tunalala chini ya bati zetu wenyewe. Watano wana boma. Mmoja alianza nyumba ya vyumba vinne kwa kushindana na jirani, msingi umeota majani na mbuzi wanalala humo. Tumemshauri agawe msingi ule ajenge upande mmoja, bado anafikiri.

Yule mwenzetu mjane alinunua kiwanja kidogo Kawajense mwaka 2021 kwa ile nusu yake. Amejenga polepole, vyumba viwili tu, tofali za kuchoma alizofyatua na wanawe Juni mbili mfululizo. Linta ilimwagwa mwaka jana. Ukurasa wake ni wa 46, na mstari wa jina umeshapigwa tiki kwa kalamu nyekundu. Mbao zimelipiwa, bati za geji 28 ziko kwa mweka hazina, misumari iko kwenye ndoo kwa katibu. Kupaua ni Jumamosi ya kwanza baada ya sherehe yetu, saa moja asubuhi. Anayeweza kuja aje na ndoo ya maji.